Kikavu Hakichachi

Salamu ya Nesi ilikuwa ukaguzi. Ulimpa mkono kwa adabu zako zote, "Shikamoo, Nesi," naye akaitika "Marahaba" huku ameshaugeuza mkono wako kiganja juu, anaachanisha vidole kimoja kimoja na kutazama katikati yake, kule kwenye unyevunyevu. Akikuta ngozi imekuwa nyeupe, imelainika na kumomonyoka, habari za nyumbani zilikwisha hapo hapo. Hakujali mko wapi. Siku moja tumetoka kumzika mzee wa ukoo wetu, tumejipanga kumpa pole mjane, nikamsikia Nesi mbele yangu: "Pole sana mama, Mungu ampumzishe. Na hivi vidole uje navyo dispensari kesho." Mjane alikuwa analia, akajikuta anacheka, kisha akalia tena. Na kesho yake alikwenda.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la kwao, lakini sisi wa milimani juu ya Mlali tulimwita Nesi tu, ikatosha. Alikuwa nesi wa dispensari ya misheni, tangu vita ya pili ya Wazungu haijaisha mpaka miaka ile watu walipoanza kuzungumza habari za Uhuru barabarani bila kunong'ona. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi ya mwili, gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Alinijua nikiwa msichana wa kuchota maji, akanijua nikiwa mwali, akanizalisha wanangu. Tangu hapo nimekutana na wakubwa wengi, wenye magari na vyeo vyao. Haki ya Mungu, sijakutana na wa kunifanya nishushe macho kama yule mama.

Habari ya vidole ilikuwa na sababu. Sisi ni watu wa mboga. Kabichi, figili, njegere, karoti, vyote vinaoshwa kwenye kijito kabla havijabebwa kichwani kushuka mjini, na anayeviosha ni mwanamke. Mikono yetu ilishinda ndani ya maji. Katikati ya vidole palioza, chini ya maziwa palioza, kwenye mapaja ya watoto wachanga palikuwa pekundu mpaka mtoto akawa halali. Tukasema ni baridi ya mlima. Wengine wakasema ni jicho la jirani. Nesi akasema ni kuvu, ile ile inayoota kwenye mahindi yaliyoingizwa ghalani mabichi, na ina ndugu zake wanaochachusha togwa.

Togwa ndiyo ilikuwa shule yake. Alikuwa akikalisha wanawake kwenye benchi la dispensari na kuanza kuwahoji.

"Haya, nani mpishi wa togwa hapa? Ukishatia kimea kwenye uji, unauweka wapi?"

"Kwenye mtungi, Nesi."

"Unauacha wazi juani?"

"Thubutu! Unafunikwa, unawekwa pembeni pa joto."

"Sasa wewe, mama. Umetoka kijitoni umelowa, hukujifuta, umefunga kanga mbili, umepanda mlima na jasho lako. Umefunika, umeweka pa joto. Unategemea nini hapo chini ya titi kama siyo togwa?"

Wanawake walikufa kwa kucheka, na wakicheka ndipo walipofungua kanga zao. Kisha akawaambia neno lake lile: kikavu hakichachi. Jifute kwanza. Jifute mpaka umekauka, ndipo upake dawa. Neno hilo lilienea mpaka likamponyoka. Watoto walilisema wakitoka kuogelea. Walevi kilabuni walilisema wakionyesha kikombe kitupu ili waongezewe. Naye akilisikia njiani kutoka kwenye mdomo wa mlevi alijibu, "Na ulimi wako nao uukaushe!"

Dawa yenyewe ilikuwa marhamu ya kwenye kopo, nyeupe, yenye harufu kali, na ukiipaka palipochubuka unarukaruka. Kwa ngozi laini ya mtoto na kwa utando wa mdomoni alitumia dawa ya zambarau, ile ya kupaka na pamba, ambayo ikigusa kitu haitoki. Kijiji kizima ulikuta watoto wa midomo ya zambarau. Marhamu aliipaka nyembamba, kwa ncha ya kidole, akaisugua mpaka ikapotea. Watu hawakupenda. Walitaka ionekane. "Dawa si samli, na wewe si chapati," alisema. Jambo lililomkera kuliko yote ni mtu kuacha dawa siku ile kuwasha kulipokoma. Alikuja mpaka nyumbani kwako, anasimama mlangoni, "Kopo liko wapi?" Kuna bwana mmoja alikutwa kopo limeisha kabla ya wakati, tena vidonda viko vile vile. Alikuwa anang'arishia viatu vya Jumapili. Nesi akamwambia viatu vyake havitapata choa maisha yake yote, ila yeye atapata.

Mkali alikuwa mkali, nisimpake rangi. Mwingine alifokewa bila kustahili. Niliwahi kumwona anamfokea msichana mwenye mtoto mchanga mpaka msichana akakimbilia nje, na kosa lake lilikuwa kuchelewa tu. Halafu jioni ile ile Nesi akapanda kilima kwenda kwao na maandazi kwenye kitambaa, hakuomba radhi, akampakata mtoto mpaka akalala. Maandazi alipika mwenyewe, yamejaa sukari, na alipoyatia hamira alikuwa akiisemesha: "Wewe huku ni rafiki. Kule ulikokimbilia ndiko tunakogombana."

Na tuseme ukweli wake wote. Huyu aliyetuhubiria ukavu alivaa viatu vya kufunika na soksi masika nzima, akipita kwenye matope na vijito, maana nesi kwa fikra yake hawezi kuonekana peku. Siku moja nilimkuta nyuma ya dispensari amevua, anaanika miguu. Vidole vyake vyote vilikuwa vya zambarau. Alivificha haraka chini ya gauni, akaniangalia kwa jicho la kunikata. "Umeona nini?" "Sijaona kitu, Nesi." "Vizuri." Ndivyo alivyokuwa. Mwili wa kila mtu aliujua, wake hakuruhusu mtu aujue. Nywele alijikata mwenyewe kwa mkasi mbele ya kioo kidogo, wakati wenzake tulisukana nje tukiongea. Akiugua alifunga mlango. Yeye alikushika, wewe hukumshika.

Na kushika kwake, jamani. Nyie wa siku hizi hamuwezi kujua. Wakati ule baka lolote la ngozi lilikuwa ukoma mpaka Mungu aseme vinginevyo. Mtu akitokwa na alama alitengewa kikombe, akatengewa kigoda, kanisani watu wakasogea kidogokidogo mpaka benchi likabaki lake peke yake. Nesi alikwenda kukaa kwenye benchi hilo. Alimshika kwa mikono mitupu, mbele za watu, akiongea mambo mengine kabisa, bei ya njegere, mvua. Mjini Morogoro palikuwa na duka la Mhindi alikokwenda kununulia pamba na bandeji. Mke wa mwenye duka alikuwa hautoi mkono wake wa kulia nje ya sari. Wateja walidhani ni maringo. Nesi alinyoosha mkono juu ya kaunta akautafuta ule mkono ndani ya kitambaa, akautoa, akaugeuza. Mwenye duka alibaki amesimama na mizani mkononi. Ilikuwa kuvu ya kuosha vyombo tu, kama yetu. Nilikuwepo, nimeshika kikapu changu, na nilishangaa kuona mama wa Kihindi anaweza kulia kwa kushikwa mkono.

Sasa nifike kwenye la kwangu, maana bila hilo mtasema nasifia tu.

Kwetu msichana akivunja ungo alitiwa ndani. Namaanisha ndani hasa: chumba kisicho na dirisha katika nyumba ya bibi, jua lisimwone, mwanamume asimwone, na yeye asiseme na mgeni. Anafundwa, anakula, anapakwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, mpaka siku ukoo utakapomtoa na kumcheza ngoma. Padri alikataza, na bibi yangu aliyesali rozari kila jioni alimsikiliza padri kwa heshima na kunitia ndani vile vile. Kungwi wangu alikuwa mdogo wake bibi, mama mwembamba mwenye mikono isiyotulia. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mwali haachwi mkavu. Mwali mkavu ni aibu ya ukoo, watu watasema alinyimwa. Basi alinipaka mpaka kuta zikateleza.

Mabaka yalianzia shingoni, madogo kama njegere. Yakashuka mabegani, yakaungana, yakawa meupe juu ya ngozi yangu nyeusi, na ukiyakwangua kwa ukucha yalitoa unga. Kungwi aliyaona kwa mwanga wa koroboi. Akaendelea kupaka. Baadaye nilimsikia nyuma ya ukuta akimwambia bibi, "Dada, mtoto ana ukoma." Bibi alilia kwa kuziba mdomo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa, na kijana nilikuwa nampenda, mkitaka kujua. Ukoma maana yake ni kupelekwa kambini bondeni, na jina langu lisitajwe tena kwenye arusi ya mtu. Nilikaa gizani nikijishika mabega yangu mwenyewe.

Bibi akamwita Nesi kwa siri. Nesi wa misheni, katika nyumba ya mwali! Angejulikana angefukuzwa. Alikuja mchana wa mvua, watu wakiwa majumbani, akaacha mwavuli nje, akainama mlangoni. Alinitazama mgongo. Kisha akachomoa uzi wa pamba.

"Mwanangu, fumba macho. Nikikugusa, sema."

"Mwali hasemi na mgeni," kungwi alidakia.

"Mama, nataka kujua kama anasikia. Penye ukoma ngozi imekufa, haisikii."

"Nimesema hasemi. Akisema leo tumeanza upya."

Nilidhani Nesi atafoka. Aligeuka akatazama chumba kile, akaona kibuyu changu cha maji, akakiweka mapajani pangu. "Basi asiseme. Nikimgusa agonge."

Nikafumba macho. Sijawahi kusikiliza kwa masikio kama nilivyosikiliza kwa mgongo siku ile. Pamba ikagusa begani, penye ngozi nzuri, nikagonga. Ikagusa shingoni. Nikagonga. Kikapita kimya kirefu, nikaanza kufa kwa hofu kwamba amenigusa sikusikia, kumbe alikuwa ananitega. Ikashuka katikati ya baka kubwa kuliko yote, nyepesi kuliko inzi, nikagonga kibuyu kwa nguvu karibu kipasuke. Nesi alicheka kicheko chake kile cha kujaza nyumba. "Huyu anasikia hata kabla sijamgusa! Huu si ukoma. Hii ni kuvu, na mnaipikia nyie wenyewe. Hii inapenda mafuta. Inataka joto, giza na mafuta, na humu ndani imekuta arusi."

Akaacha kopo la marhamu. Mgongo uoshwe kwa sabuni, ukaushwe, upakwe dawa nyembamba, na nyonyo basi.

"Mwali haachwi mkavu," akasema kungwi.

"Kikavu hakichachi," akasema Nesi.

Wakatazamana. Bibi akatazama dari.

Kungwi hakuwa mkaidi mbaya. Alifanya kama mtu yeyote wa kwetu angefanya: alitii pande zote mbili. Alinipaka marhamu kama Nesi alivyosema, kisha juu yake akanipaka nyonyo kama bibi zake walivyosema. Kila mmoja aridhike. Mabaka yakashuka mpaka kiunoni.

Nesi aliporudi hakuhitaji kutazama. Alisimama mlangoni akanusa. "Nyonyo," akasema, taratibu, na ule utaratibu ulitisha kuliko ukali wake. Kungwi akajikunyata ukutani. Mimi nikajiandaa kusikia matusi yatakayofika mpaka kanisani. Lakini Nesi alivua viatu, akakaa mkekani ubavuni mwa kungwi, akanyoosha mkono. "Shikamoo, dada." Kungwi alikuwa hajawahi kumpa mkono. Akampa. Nesi akaugeuza, akaachanisha vidole, na katikati yake palikuwa pameoza vibaya. Miaka yote ile ya kuwapaka wanawali mafuta na kuwaogesha, mama wa watu alikuwa anakuna vidole vyake usiku na hakumwambia mtu.

Nesi akafuta vidole vile kimoja kimoja kwa ncha ya kanga yake, akapaka dawa, na hakuuachia ule mkono. Akaongea naye polepole. "Dada, sikuja kukunyang'anya mtoto. Umemkuza vizuri. Na mimi nataka atoke anang'aa, watu wafumbe macho. Basi tugawane. Miguu paka, mikono paka, uso upake mpaka nijione. Mgongo niachie mimi." Kungwi akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamdondoka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba kazi yake ni nzuri.

Tangu siku hiyo Nesi alikuja kunikausha mgongo kwa mkono wake. Alikuwa haharakishi. Alinipangusa na kitambaa kikavu, akapuliza kidogo, akapaka, akanisimulia habari za nje: nani kazaa, nani kagombana, ndizi gani zimeiva. Sikumjibu hata neno moja, ndiyo sheria. Akimaliza na kuinuka nilikuwa nagonga kibuyu, naye anasema, "Haya, nimesikia."

Kuwasha kukaisha, unga ukaisha. Lakini weupe ulibaki. Bibi akauliza mbona haujatoka. Nesi akamwambia kweli bila kuizunguka: "Kuvu imekufa. Huo weupe ni mahali ilipokaa. Rangi inarudishwa na jua, na jua mmemnyima wenyewe. Itarudi akishatoka." Na mjomba, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo, alikuwa ameshataja siku na pombe imeshapikwa.

Siku yangu ya kutoka ilikuwa na jua la kutoboa. Kwetu mwali habaki chini. Anapandishwa mabegani kwa mtu na kuchezwa juu, mabega na mgongo wazi, shanga na mafuta, ukoo wote umwone. Asipobebwa hajatoka, anarudishwa ndani, na hapo hakuna ajuaye mpaka lini. Nilitolewa nimefunikwa kanga. Katikati ya uwanja kungwi akaifunua.

Ngoma hazikunyamaza mara moja. Zilififia, moja baada ya nyingine, kadiri wapigaji walivyoniona. Nikasikia neno lile likipita midomoni: ukoma, ukoma. Wa kunibeba alikuwa mtoto wa mjomba, kijana wa mabega mapana. Alinisogelea, akanitazama, akarudi nyuma. "Mgongo unaniuma," akasema. Kina mama mkwe wangu walikuwa wamesimama penye migomba, na niliona mmoja wao anaokota kikapu chake kama mtu anayetaka kuondoka. Mwali hasemi. Nilisimama pale sina hata kibuyu cha kugonga.

Ndipo nikaona gauni jeupe linapasua watu. Ametoka kanisani moja kwa moja, viatu na soksi, rozari imo mkononi. Hakumsalimu mtu. Alikuja nyuma yangu akaweka kiganja chake chote katikati ya mgongo wangu, akakishusha mpaka kiunoni, jasho na mafuta na mabaka, na kwa kiganja hicho hicho akajipaka uso wake, kuanzia kipaji mpaka kidevuni. Polepole, watu wote waone.

Kisha akanipa mgongo na kuinama.

"Panda, mwali," akasema.

Nikapanda. Alinyanyuka kwa mguno, akayumba, akasimama. Mungu shahidi, mama wa umri ule, na mimi sikuwa mwepesi, nimelishwa mavuno mpaka mavuno! Kungwi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, vidole vyake vikavu viko hewani. Ngoma zikarudi. Nesi alicheza, na kucheza hakujua, alikuwa anakanyagakanyaga tu kama anayeua siafu, lakini uwanja mzima ulimfuata. Wanawake wakaanza kuja kunigusa miguu, halafu mgongo. Mama mkwe wangu akaweka kikapu chini, akaja akanifunga kanga yake mpya. Mtoto wa mjomba naye akaja kuomba zamu, nikamsikia Nesi kutoka chini yangu, anahema: "Wewe mgongo unakuuma. Kapumzike."

Rangi ilirudi, kama alivyosema. Jua la shambani liliirudisha polepole, ikanikuta nimeshaolewa.

Yeye alilipa. Padri alimwita, akamwambia nesi wa misheni aliyecheza ngoma ya mwali mchana kweupe ameaibisha Kanisa. Hakumfukuza, maana angempata wapi mwingine, lakini alimkatalia komunyo mpaka Pasaka iliyofuata. Nesi aliipenda komunyo kuliko chakula. Kila Jumapili nilimwona benchi la nyuma, amepiga magoti peke yake wakati wengine tunakwenda mbele, na lile doa la nyonyo mabegani mwa gauni ambalo sabuni haikuliweza. Nilimfuata siku moja nikamwambia naumia. Akasema, "Unaumia nini? Nilibeba mgonjwa wangu. Padri naye ana msalaba wake wa kubeba, na msalaba wenyewe ni mimi." Akacheka. Lakini macho yake hayakucheka.

Alipostaafu alishuka Mlali, kwenye kijumba cha chumba kimoja. Mtoto hakuwa naye. Miaka michache ikapita, nikasikia miguu imevimba, hatoki, na hafungulii mtu. Jirani yake aliyekuja mlimani kununua mbegu akaniambia, "Anasema amechoka tu. Lakini mwenzangu, chumba kinanuka togwa iliyolala." Aliniambia kama umbea. Mimi nilielewa ugonjwa hapo hapo.

Nilipitia mjini kwenye duka lile. Mama wa Kihindi, nywele sasa nyeupe, alinisikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na tyubu ya marhamu mpya iliyotoka Ulaya, ya rangi ya njano, isiyochoma. Akanifumbatisha kwa mkono wake wa kulia. "Mpelekee mama," akasema.

Sikungoja kufunguliwa, nikausukuma mlango. Nesi alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni na joto lote lile la Mlali.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Toa vidole."

Nikampa. Akaviachanisha, akaridhika. Alipotaka kuniachia, sikumwachia. Niligeuza mkono wake kiganja juu. Akauvuta kwa nguvu za ajabu.

"Wewe! Acha."

"Nesi, fungua blanketi."

"Thubutu. Nimefungua watu maisha yangu yote. Mimi sifunguliwi."

Alinigeuzia uso ukutani. Niliona shingo yake tu, na nywele alizojikata mwenyewe, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi. Moyo uliniuma sana. Niliogopa pia, sitaficha, mimi ni nani wa kumwamrisha yule? Pembeni ya kitanda palikuwa na kibuyu chake cha maji. Nikakichukua nikakiweka karibu na mkono wake.

"Basi usiseme," nikamwambia. "Ukikubali, gonga."

Nje palikuwa na mtu anatwanga. Niliamini amelala, au amenichukia. Kisha nikasikia ukucha wake kwenye kibuyu, mara moja, kidogo tu.

Chini ya maziwa palikuwa pekundu pamechubuka, na kwenye mikunjo ya tumbo vile vile. Alikuwa hawezi tena kujiogesha na hakutaka kuogeshwa, akaona aibu, akajifunika. Nilimwosha. Nikamkausha kwa kanga laini, nikapuliza kidogo, nikapaka ile ya njano nyembamba kwa ncha ya kidole, nikaisugua mpaka ikapotea. Alikuwa analia bila sauti, macho yamefumba, na mkono wake uko juu ya kibuyu. Nikamsimulia habari za mlimani: nani kazaa, nani kagombana.

Nilipomaliza nikamwambia tunatoka, anahitaji upepo na jua. Akasema miguu haimbebi. Nikampa mgongo, nikainama kando ya kitanda.

"Panda, mwali."

"Toka hapa. Mimi mzito."

"Kwani uliponibeba mimi, nilikuwa unyoya?"

Nikasikia kile kicheko, kimechakaa lakini ndicho. Halafu mikono yake miwili ikanishika mabega, na uzito wake wote ukanijia mgongoni, wa moto, umekauka. Niliyumba nikasimama. Mlangoni aliniambia niiname zaidi asije akagonga kichwa. Nikainama, tukatoka.